MDOMO WA MTUNGI: Historia ya gesi ya safarini na jiko la nyama choma

Wasomaji wangu, leo naweka siasa pembeni. Nataka tuzungumze juu ya mtungi wa gesi. Najua yuko atakayecheka: mwandishi wa habari mzima anakaa chini kuandika habari za jiko! Subiri kidogo, ndugu yangu. Ukitazama vizuri ule mdomo wa shaba unaofungia mpira wa gesi, utakuta humo historia ya zaidi ya miaka mia moja. Na sehemu kubwa ya historia hiyo imetokana na watu kuungua.

Habari yenyewe ni ya Marekani. Wenzetu wa huko wana magari na trela zenye kitanda, jiko, friji na choo ndani yake. Wanaziita RV. Mtu anafunga trela nyuma ya gari, au anaendesha nyumba yenyewe kama basi, anakwenda zake porini au ufukweni na kulala huko hata wiki nzima. Mji wa Elkhart, jimbo la Indiana, ndio kitovu cha utengenezaji wa magari haya, na una jumba la makumbusho yake. Jioni ikifika, mwenye RV hutoa nje jiko dogo la gesi na kuanza kuchoma nyama. Ndugu zetu wengi wanaoishi huko nao wamejiingiza kwenye starehe hiyo, na kwa nyama choma sisi hatuhitaji mwalimu. Kwenye kuunganisha gesi, hapo mwalimu anahitajika. Na mwalimu mzuri kuliko wote ni historia.

TAA KABLA YA JIKO

Gesi ya kwanza kusafiri na gari haikupika chakula. Ilikuwa ya taa.

Magari ya mwanzo wa karne ya 20 hayakuwa na taa za umeme za maana. Mwaka 1904, katika jiji la Indianapolis, Carl Fisher na James Allison walianza biashara ya mitungi ya gesi ya asetilini kwa ajili ya taa za magari. Hao ndio baadaye, mwaka 1909, walikuwa kati ya waanzilishi wa uwanja maarufu wa mashindano ya magari wa Indianapolis. Kampuni yao ya taa ikajulikana kwa jina la Prest-O-Lite. Dereva alifunga mtungi ubavuni mwa gari, giza likiingia anafungua valvu, anawasha taa, safari inaendelea. Mtungi ukiisha anabadilisha. Si ndivyo tunavyofanya mpaka leo na mitungi yetu ya jikoni?

Lakini asetilini haina mzaha. Kiwanda cha kujazia mitungi kilikumbwa na milipuko zaidi ya mara moja, na watu wa jiji wakapiga kelele mpaka shughuli hiyo ikahamishiwa nje. Mwaka 1917 Prest-O-Lite iliingizwa ndani ya kampuni kubwa ya Union Carbide. Taa za umeme nazo zikaja, biashara ya taa za gesi ikafa.

Jina halikufa. Ukienda leo kwenye duka la vifaa vya gesi Marekani na kuulizia kiungio cha zamani cha mtungi, utaambiwa kinaitwa POL. Herufi hizo zimetoka Prest-O-Lite. Kiungio hicho kina hesi za kushoto, yaani unakikaza kwa kuzungushia upande ambao nati nyingine zote hufungukia. Wengi hudhani ni ukorofi wa fundi. Sivyo. Ni desturi ya vifaa vya gesi zinazowaka kuwa na hesi za kinyume, ili mtu asije akafunga mtungi wa gesi inayowaka mahali pa oksijeni au hewa ya kawaida. Hesi zikikukatalia, hapo zinakulinda.

MKEMIA NA PETROLI INAYOTOWEKA

Sasa tuje kwenye gesi ya kupikia yenyewe. Mwaka 1910 alikuwepo mkemia wa serikali ya Marekani, Walter Snelling, akifanya kazi Pittsburgh. Inasimuliwa kwamba mwenye gari mmoja alimlalamikia: nanunua petroli, nikifika nyumbani nyingine imetoweka, mbona naibiwa? Snelling akachukua petroli hiyo kwenye chupa, akaona kizibo kinarushwa chenyewe na mvuke. Kumbe hakuna mwizi. Ndani ya petroli ya siku hizo kulikuwa na gesi zinazotoroka.

Snelling akazitenganisha, kati yake propani na butani. Akagundua kwamba ukizibana kidogo tu zinakuwa maji, ukiziachia zinarudi kuwa gesi. Mwaka 1913 alipata hataza, na haki hizo zikaja kununuliwa na Frank Phillips, yule wa kampuni ya mafuta ya Phillips.

Zingatia tabia tatu za propani, maana kila kitu nitakachoeleza huko mbele kinatokana nazo. Kwanza, inachemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri za Selsiasi, kwa hiyo ndani ya mtungi muda wote inataka kutoka. Pili, lita moja ya propani ya maji huwa karibu lita 270 za gesi. Tatu, ni nzito kuliko hewa, kama mara moja na nusu. Ikivuja haipandi juu ikaondoka, inashuka na kutambaa sakafuni kama maji, inajaa kwenye mabonde na chini ya vitanda, inasubiri cheche.

MATAJIRI WAENDA PORINI

Wakati huo huo Wamarekani walikuwa wameanza kulala porini na magari yao. Waliowatia hamasa zaidi ni wanaume wanne: Henry Ford, Thomas Edison, Harvey Firestone wa matairi, na mwandishi mzee wa mambo ya asili, John Burroughs. Kati ya mwaka 1915 na 1924 walifanya safari nyingi za kupiga kambi, magazeti yakiwafuata nyuma. Mwaka 1921 hata Rais Warren Harding alijiunga nao huko Maryland. Msidhani walipikia mafiga! Ford alikuwa na lori maalumu la jikoni, lenye sanduku la barafu na jiko la petroli.

Ford huyo huyo alikuwa na mabaki mengi ya mbao kutoka viwandani mwake. Akayageuza kuwa mkaa wa vitofali, na katika miaka ya 1930 maduka yake ya magari yakawa yanauza mkaa huo pamoja na vijiko vidogo vya kuchomea nyama safarini. Mkaa huo ndio baadaye ulipewa jina la Kingsford, unaouzwa mpaka leo. Kwa upande mwingine kampuni ya Coleman ya Wichita, Kansas, ilitoa jiko lake la safari mwaka 1923. Nalo lilitumia petroli, unapiga pampu kwanza halafu unawasha.

Kwa hiyo msafiri wa enzi hizo alikuwa na mkaa, petroli au kuni. Trela za kulala zilipoanza kutengenezwa kwa wingi katika miaka ya 1930, swali likawa moja: nani atathubutu kuwasha petroli ndani ya chumba cha mbao chenye watoto waliolala? Gesi ya mtungi ilikuwa jibu zuri. Ila ilikuwa na tatizo moja kubwa. Kwa asili yake haina harufu.

TAREHE 18 MACHI, 1937

Hapa naomba tusimame kidogo.

New London ni sehemu ya mashariki mwa Texas, eneo lililotajirika kwa mafuta. Shule yake ilikuwa ya kujivunia. Ili kuokoa pesa, uongozi uliacha kununua gesi ya kulipia na kuunganisha bomba la gesi ya mabaki kutoka kwenye visima vya mafuta. Gesi hiyo ilivuja na kujaa chini ya jengo. Hakuna aliyenusa kitu, kwa sababu hakukuwa na cha kunusa. Mchana wa tarehe 18 Machi mwaka 1937, mashine ya umeme ya kusugulia mbao ilitoa cheche kwenye karakana ya shule. Jengo likalipuka. Karibu watu 300 walikufa, wengi wao wanafunzi.

Kati ya waandishi waliotumwa huko alikuwepo kijana wa miaka 20 wa shirika la United Press, jina lake Walter Cronkite. Baadaye alikuja kuwa mtangazaji wa habari aliyeheshimika kuliko karibu wote Marekani. Sisi tunaoanza kazi hii tukumbuke kwamba mwenzetu katika umri huo alipelekwa kuhesabu majeneza ya watoto.

Ndani ya wiki chache bunge la Texas lilipitisha sheria ya kutia gesi harufu, na majimbo mengine yakafuata. Ile ya New London ilikuwa gesi ya ardhini, si ya mtungi, lakini somo lilikwenda kwa zote. Propani ya leo hutiwa kemikali iitwayo ethaili merkaptani, inayonuka kama yai viza. Ukiisikia, usiulize nani kafanya nini. Zima moto, toka nje, funga mtungi ukiweza kuufikia. Harufu ile ni matokeo ya msiba wa shule nzima.

JIKO LA NYAMA LINAPATA MAGURUDUMU

Gesi na nyama choma zilikutana rasmi katika miaka ya 1950. Anayetajwa mara nyingi ni Don McGlaughlin, mwenye kampuni ya Chicago Combustion. Mwaka 1954 kampuni hiyo ilitoa jiko la gesi la kuchomea nyama linalohamishika. Lilitumia mtungi wa pauni 20, kama kilo 9, mtungi ambao kabla ya hapo ulijulikana zaidi kwa mafundi bomba. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 William Wepfer na Melton Lancaster wa kampuni moja ya gesi ya Arkansas nao walitengeneza la kwao.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Mtungi wa kilo 9 ukaingia karibu kila ua wa nyuma ya nyumba. Ukaja na mtungi mdogo wa pauni moja, ule wa kijani unaotupwa ukiisha, kwa ajili ya vijiko vya safari. Na ajali nazo zikaingia.

Walipokaa kuchunguza ajali walikuta hadithi ni zile zile. Kiungio hakikukazwa sawasawa na gesi ikavuja. Mpira ulipasuka. Mtungi ulijazwa mpaka juu, ukawekwa kwenye buti la gari juani, propani ikatanuka na kufyatua valvu ya usalama. Nyingi zilitokea siku ya kwanza baada ya jiko kukaa muda mrefu bila kutumika, au mara tu baada ya mtungi kujazwa na kufungwa upya.

Ndipo mdomo wa mtungi ukabadilishwa. Majiko ya kuchomea nyama yaliyotengenezwa baada ya tarehe 1 Oktoba 1995 yalitakiwa kuwa na vitu vitatu: kifaa cha kubana gesi mpira ukikatika, kifaa cha kuzima gesi joto likizidi kwenye kiungio, na kiungio kisichopitisha gesi mpaka kikae sawasawa. Hiki ndicho kile kikubwa cha plastiki, mara nyingi cheusi, unachokaza kwa mkono kuelekea kulia. Plastiki ile si urembo. Moto ukiufikia inayeyuka, na gesi inafungwa.

Mwaka 1998 ikaja kanuni ya mtungi wenyewe. Ndani yake likawekwa boya, kama lile la tangi la choo. Mtungi ukifika asilimia 80 boya linanyanyuka na kuziba, ibaki nafasi ya propani kutanuka. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2002 mitungi ya kati ya pauni 4 na 40 isiyo na boya hiyo haikuruhusiwa tena kujazwa. Unaitambua yenye boya kwa kishikio chake cha pembetatu.

Sasa uangalie mdomo wa mtungi wa namna hiyo. Kwa nje una hesi kubwa za kulia za mwaka 1995. Ukichungulia ndani, mara nyingi utakuta hesi za kushoto za POL, zile za ukoo wa taa za Fisher na Allison. Na kishikio cha juu ni cha 1998. Enzi tatu kwenye kipande kimoja cha shaba!

PRESHA MBILI, NYUMBA MOJA

Pamoja na yote hayo, liko tatizo moja ambalo hakuna boya wala plastiki iliyolimaliza. Kaka mmoja anayeishi huko alinunua trela iliyotumika, akanunua na jiko jipya la nyama. Akaliunganisha kwenye tundu la gesi lililoko ubavuni mwa trela. Moto ukawa kama wa mshumaa. Akaniuliza: mdogo wangu, nikitoa hiki kidude cha kupunguza gesi si moto utakuwa mkubwa?

Swali la maana sana, na jibu lake linaweza kuokoa uso wa mtu.

Ndani ya mtungi wa propani, siku ya joto la kawaida la nyuzi 21, presha ni kama pauni 125 kwa inchi mraba. Tairi la gari dogo lina kama 32. Kwa hiyo mtungi ni kama matairi manne kwa mpigo. Jiko la ndani ya RV, friji na kichemsha maji havitaki presha hiyo. Vinataka ile inayopimwa kwa inchi 11 za maji, ambayo haifiki hata nusu pauni. Tofauti ni kama mara 300! Kinachosimama katikati ni regulata, kile kidude cha mviringo kilicho karibu na mtungi. Kila gesi inayopita bomba la RV, pamoja na ile ya tundu la ubavuni, imeshapunguzwa tayari.

Lakini vijiko vingi vya safari vilitengenezwa kwa ajili ya ule mtungi mdogo wa pauni moja, ambao hauna regulata. Kwa hiyo jiko linakuja na regulata yake. Ukilichomeka kwenye tundu la ubavuni, gesi iliyopunguzwa inapunguzwa tena. Ndio maana ya moto wa mshumaa. Jiko si bovu na trela si mbovu. Ni historia mbili zilizokutana: ya nyumba na ya mkoba.

Njia salama ziko mbili. Ya kwanza: tumia jiko lililotengenezwa kwa presha ndogo, lisilo na regulata yake, au lenye vifaa vya kubadilishia kutoka kwa mtengenezaji huyo huyo, ndipo uchomeke kwenye tundu la ubavuni. Ya pili: baki na jiko lenye regulata yake, lakini lilishe kutoka kwenye mtungi moja kwa moja, kwa mpira wa presha kubwa uliotengenezwa kwa propani.

Njia ya mauti ni moja: kutoa regulata kwenye jiko halafu siku nyingine, kwa kusahau au kwa kuazimana, mtu akalifunga kwenye mtungi moja kwa moja. Hapo presha ya matairi manne inaingia kwenye mdomo wa jiko. Na hata kwenye tundu la ubavuni usijitolee mwenyewe, maana tundu dogo la gesi ndani ya jiko lilitobolewa kwa presha fulani. Ukibadilisha presha bila kubadilisha tundu, moto hautakuwa sawa. Nilimjibu: kaka, usikitoe. Badilisha jiko au badilisha unapochukulia gesi.

Jambo jingine. Kiungio cha tundu la ubavuni kinafanana sana na kile cha mpira wa upepo wa gereji, cha kuvuta kola na kuchomeka. Usidanganyike. Cha upepo hakikutengenezwa kwa propani, na kikiwa rahisi kwa dola mbili utazilipia pengine.

UNACHAGUAJE SASA?

Kwanza jiulize utachukua gesi wapi, halafu ndipo uangalie ukubwa na rangi. Wengi hufanya kinyume. Uliza dukani: hili ni la presha ndogo au lina regulata yake? Muuzaji asipojua, soma kibandiko na kitabu cha maelekezo kabla ya kulipa.

Pili, piga hesabu ya gesi. Nguvu ya majiko haya huandikwa kwa BTU. Pauni moja ya propani ina BTU zisizopungua 21,000. Jiko la BTU 10,000 kwa saa, likiwashwa mpaka mwisho, litamaliza mtungi mdogo kwa muda wa saa 2 hivi. Mtungi wa pauni 20 utalipeleka zaidi ya saa 40. Kwa familia inayokaa kambini wiki nzima, mitungi midogo ni gharama na ni takataka. Usijidai kuijaza upya ile ya kutupa, maana sheria ya Marekani inakataza kusafirisha iliyojazwa upya, na adhabu yake, iliyoandikwa kwenye mtungi wenyewe, inafika dola 500,000 na miaka 5 jela. California imekwenda mbali zaidi: kwa sheria ya mwaka 2024, uuzaji wa mitungi hiyo ya kutupa utapigwa marufuku kuanzia Januari 2028.

Tatu, angalia kifuniko, kikinge upepo, na miguu, isimame imara kwenye ardhi isiyo sawa. Jiko linalopinduka na nyama ya moto halina nafuu ya bei.

Kuunganisha kwenyewe hakutaki haraka. Mtungi usimame wima, nje, siku zote. Hakikisha vishikio vyote vya jiko vimefungwa. Kagua mpira kama una nyufa au umetafunwa na panya. Kaza kiungio cha plastiki kwa mkono, bila spana. Fungua mtungi taratibu. Ukiufungua kwa pupa, kile kifaa cha kubana gesi kitadhani mpira umekatika, nacho kitakunyima moto. Likitokea hilo, funga kila kitu, subiri kidogo, anza upya. Halafu paka maji ya sabuni kwenye viungio. Mapovu yakikua, kunavuja. Usiwashe, funga, kaza upya au tafuta mpira mwingine. Na usipime uvujaji kwa kiberiti, hata kama jirani amefanya hivyo miaka 20 na hajafa.

Jiko lililokaa stoo msimu mzima lina wapangaji. Buibui hupenda kujenga kwenye vibomba vya kuingizia gesi, na utando wao unatosha kuzuia gesi irudi nyuma na kuwaka pasipotakiwa. Safisha kwanza. Wakati wa kuwasha, kifuniko kiwe wazi DAIMA, maana gesi iliyojikusanya chini ya kifuniko ikipata cheche hulipuka usoni kwako.

Weka jiko mbali na trela, mita 3 hivi au zaidi kama maelekezo yanavyotaka, na kamwe si chini ya lile turubai la kivuli. Ukimaliza, funga mtungi kwanza. Kabla ya kusafiri, funga tena na uhakikishe. Na njia nazo zina masharti yake: Baltimore, kwa mfano, mtungi wa propani unaozidi pauni 10 hauruhusiwi kupita kwenye mahandaki ya chini ya maji.

ADUI ASIYE NA HARUFU

Nimeacha la mwisho kwa makusudi. Mvua ikinyesha kambini, au baridi ikizidi, mtu hushawishika kuliingiza jiko ndani ya trela, ama kupika au kuota moto. Usifanye hivyo. Jiko la nje linapowaka kwenye chumba kidogo hutoa kaboni monoksaidi. Hii haitoki kwenye mtungi, inazaliwa na moto wenyewe, kwa hiyo ile harufu ya yai viza haiwezi kukusaidia. Anayeivuta huumwa kichwa, husinzia, na asipotolewa haamki. RV za siku hizi huja na kengele mbili, moja karibu na sakafu kwa ajili ya propani inayotambaa chini, nyingine ya kaboni monoksaidi. Ukinunua trela iliyotumika, angalia kwanza kengele hizo. Zina umri wake, zikizeeka hazisikii kitu. Badilisha kabla hata ya kununua nyama.

Ndugu wasomaji, kila kifaa nilichokitaja kiliwekwa baada ya watu kuumia au kufa. Harufu, baada ya watoto wa New London. Plastiki inayoyeyuka na boya la asilimia 80, baada ya watu walioungulia uani kwao na ndani ya magari yao. Anayetoa kidude kwa sababu "kinapunguza moto" anawaambia wote hao kwamba hawakumfundisha kitu.

Niishie hapa. Mkifika kambini, nyama iwe ya moto na watu wawe salama.